Mama Aliyeitwa Mtumishi

Sisi wa Tunduma tunajua kwamba hatua chache za kuvukia Nakonde hubadili sarafu mfukoni, na kwa wengine hubadili hata jina. Nasaba haivuki mpaka. Surat al-Ahzab, aya ya 5, imeamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Leo natazama nasaba kwa upande wa mama.

Merle Oberon, mwigizaji aliyewania tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1935, The Dark Angel, alizaliwa Bombay, India, mwaka 1911. Ulimwengu uliambiwa kuwa amezaliwa Tasmania, Australia. Tusiharakishe kumhukumu: kanuni za Hollywood zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya watu wa rangi tofauti, na sheria ya Marekani ya mwaka 1917 iliwafungia mlango wahamiaji kutoka India. Angesema kweli, angekosa kazi.

Lakini uongo huo ulilipiwa na mwingine. Charlotte Selby, mwanamke mwenye asili ya Ceylon aliyemlea, aliishi naye London. Inasimuliwa kwamba wageni walipofika, mama huyo alitambulishwa kuwa mtumishi wa nyumbani. Alifariki mwaka 1937. Baadaye Merle aliagiza picha yake ichorwe, ngozi ikiwa imefanywa nyeupe. Na hata Charlotte alikuwa bibi yake: mama mzazi alikuwa Constance, aliyeitwa dada, aliyemzaa akiwa bado binti mdogo. Siri juu ya siri.

Aliolewa mara nne. Alexander Korda, mwaka 1939, ndiye aliyemkuza katika filamu. Lucien Ballard, mpiga picha, alibuni taa ya kuficha makovu ya usoni yaliyotokana na ajali ya gari. Bruno Pagliai, tajiri wa Mexico, alimpa makasri, na pamoja naye akalea watoto wawili wa kupanga. Mwaka 1973, umri umekwenda na filamu zimeadimika, alitengeneza Interval na kuiigiza mwenyewe, akipendwa na kijana. Kijana huyo, Robert Wolders, ambaye Merle alimzidi kwa miaka 25, alimwoa mwaka 1975.

Mwaka 1978 mji wa Hobart, Tasmania, ulimwandalia mapokezi ya heshima kama binti wa nyumbani. Alikwenda. Mwaka uliofuata alifariki, na miaka minne baadaye kitabu cha maisha yake kikaitaja Bombay.