Dar na joto lote hili, kofia ya nini?

Wadau, kila nikimwambia mtu kwamba mtaani kwetu, jirani na Mtaa wa Msimbazi, kuna kina mama wanaofuma kofia za vichanga na kuzigawa bure, swali ni lile lile: Dar na joto lote hili, kofia ya nini? Swali zuri. Ngoja nieleze.

Kofia hizi ni za watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wiki 37. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto jingi linapotelea hapo. Mwili wake unatakiwa uwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chumba cha nyuzi 28, ambamo mimi na wewe tunatoka jasho, kwake ni baridi, tena ametoka tumboni akiwa amelowa. Akipoa, nguvu za kunyonya na kukua zinaishia kwenye kujipasha moto, na hapo maradhi yanamkuta hana kinga.

Sasa tusidanganyane, kofia peke yake haimwokoi mtoto. Kinachookoa ni kifua cha mama: mtoto anabebwa ngozi kwa ngozi, amevaa nepi na kofia tu, mama anajifunga khanga juu yake. Ndiyo ile wanaita huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Ya kwetu ilikuwa Muhimbili, hapo hapo Upanga. Watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walioanza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliosubirishwa mpaka hali itulie, walifariki karibu 16. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri mtoto abebwe mapema, bila kusubiri.

Kwa hiyo kofia ni msaidizi wa mama, na msaidizi naye ana masharti yake. Uzi uwe laini. Kofia ivutike, maana kichwa chenyewe ni kama chungwa kubwa. Vifungo, shanga na kamba za kufungia kidevuni marufuku, zinaweza kumkaba mtoto. Ifuliwe kabla ya kupelekwa. Na kabla hujashika sindano, muulize muuguzi wa wodi wanahitaji nini. Pengine kofia zimejaa, wanalia na nepi au khanga.

Rangi ni juu yako. Kikundini kwetu mashabiki wa Simba wanafuma nyekundu na nyeupe, wa Yanga kijani na njano, na utani hauishi.

Utani huo ndio faida ya pili, na mimi naiona kubwa vile vile. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili ilikuwa na baraza mbele na ua nyuma. Kina mama walikaa pale wakisuka ukili au wakifuma vitambaa vya makochi, huku habari zinapita: nani anaumwa, nani kafiwa, mtoto wa nani hajarudi. Nyumba nyingi zimevunjwa, yamepanda maghorofa. Leo mnapakana mlango kwa mlango na hamjuani hata majina. Mama akijifungua njiti, akakaa wodini wiki tatu, nani atajua amuangalizie wale wadogo aliowaacha nyumbani?

Kikundini atajulikana. Aliyeleta wazo la kofia aliwahi kulea njiti mwenyewe, na anasema kilichomchosha zaidi ni upweke. Siku hizi wenzake wakipeleka kofia, wanapeleka na uji, na wanakaa kidogo na mama wa watu.

Ndiyo maana nikiulizwa kwa nini wasinunue tu za dukani, nasema dukani unapata kofia, shoga hupati. Haya wadau, mwenye uzi uliolala kabatini autoe. Na mtaani kwenu baraza limehamia wapi? Semeni.