Wana wa Kikole, Rauta Iende Juu

Oya wana, tuongee mtandao. Huu wetu wa huku ndani Kilwa, ambako faiba ni stori za Dar na kila kijiji kina chimbo lake: pale kwenye kichuguu, au nyuma ya lile duka, ndipo simu inashika. Mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni. Ajira za serikali, mtandaoni. Matokeo ya NECTA ndiyo usiseme. Sasa dogo wa Kikole apande boda mpaka Nangurukuru kwa ajili ya fomu tu? Hapana, wanangu. Hii ishu inatatulika, na mimi naiamini kabisa.

Tuanze na mkwanja. Kijiweni mko sita, kila mmoja anaunga bando la jero kila siku. Hiyo ni buku tatu kwa siku, elfu tisini kwa mwezi, na bado saa mbili usiku mtu anaomba hotspoti kwa mwenzake. Hela hiyohiyo mkiichanga mnapata bando la mwezi la maana kwenye rauta moja. Jero jero inatumaliza kwa sababu haionekani inavyotoka.

Ila kabla ya kuchanga, muujue mnara wenu. Mtandao wa huku wote unatoka kwenye mnara, na kampuni hazipendi kujenga pasipo na wateja shazi. Ndiyo maana mwaka 2006 ikatungwa sheria ya UCSAF, mfuko wa kuzisukuma kampuni zije vijijini. Mei 2023 pale Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 kwenye kata 713 nchi nzima. Kwa hiyo kuuliza kuhusu mnara siyo kuomba hisani. Mbaneni diwani, tena kwa barua, na muandike wazi: tunataka 4G. Mnara wa 2G utampigia bi mkubwa simu fresh kabisa, lakini fomu ya mkopo haifunguki.

Sasa msitu. Kikole ina heshima yake: mwaka 2009 msitu wake wa kijiji ulikuwa kati ya ile ya kwanza Afrika, ya asili na iliyo chini ya wanakijiji, kupata cheti cha FSC, cha msitu unaotunzwa vizuri. Mpingo wetu ndio unaotengenezwa klarineti huko Ulaya. Lakini majani yanakula mawimbi, na majani mabichi yaliyolowa ndiyo noma zaidi. Miti ya miombo inapukutika kiangazi, kwa hiyo unaweza kupima mtandao mwezi wa tisa ukavimba, halafu masika ukashangaa umeenda wapi. Pimeni wakati msitu umevaa. Pia mawimbi ya chini, yale ya megahezi 700 na 800, yanafika mbali na kupenya miti kuliko ya 2100 au 2600. Rauta isiyoshika hayo ya chini ni kimeo huku kwetu, hata ikiwa mpya kwenye boksi.

Kupima hakutaki fundi. Azima laini za kampuni zote: Voda, Airtel, Halotel, Yas, TTCL. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, tafuta nguvu ya mawimbi ya laini. Itakuja namba yenye alama ya kutoa. Kutoa 90 ni poa, kutoa 105 unakomaa nayo, ikipita kutoa 115 mtasanda. Pima chini, kisha mtu apande juu apime tena. Mkiona tofauti mtajua kwa nini nasema rauta iende juu.

Mchongo wenyewe uko hivi. Simamisha bomba refu, au nguzo ya mti uliokauka, lipite vichwa vya miti ya jirani. Ukiweka antena juu na rauta chini, waya mrefu wa antena unakunywa mawimbi njiani mpaka faida yote inaisha. Bora rauta yenyewe ipande, ndani ya boksi lisilopitisha maji, halafu waya wa mtandao ushuke kutoka kwenye rauta mpaka chini. Rauta nyingi zinakula volti 12, kwa hiyo paneli ya sola na betri vinaiendesha moja kwa moja bila inveta. Hakikisheni tu kuna chaja kontrola katikati. Na msinunue iliyofungwa kwa laini ya kampuni moja. Mnara ukizima, mnatakiwa mbadilishe laini mpige kazi.

Setilaiti je? Starlink imefika Kenya na Msumbiji tangu 2023, wana wanaiona TikTok wanapata mzuka. Kweli haihitaji mnara, ila inahitaji anga wazi, kwa hiyo miti ni ishu palepale. Mtu akikuletea dishi lililovushwa mpakani, ulizeni kwanza TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, kama linaruhusiwa, msije kupigwa hela ya kijiji kizima.

Na mjipange kwa siku mbaya. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar–Lindi pale Somanga, na siku chache baadaye kebo za baharini za SEACOM na EASSy zikakatika, nchi nzima ikayumba. Kwa hiyo fomu yenye tarehe ya mwisho isisubiri siku ya mwisho.

Hela ya kuanzia? Hapa ndipo nataka tupaze sauti. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, mapato ya msitu wa kijiji uliohifadhiwa yanabaki kijijini. Mkutano wa kijiji unaamua yaende wapi, na ukishafika miaka 18 una kura yako pale kama mzee yeyote. Tatizo vijana tunawaachia wazee mkutano, tunabaki kwenye draft. Mkutano ujao nendeni na karatasi: namba mlizopima, bei ya rauta, bomba na sola, bando la mwezi, nani atashika funguo, na nguzo isimame wapi ili zahanati na shule ziwe ndani ya waifai. Mwambieni mwenyekiti aiweke kwenye ajenda mapema, siyo kwenye mengineyo.