Kalenda ya Miti ya Yangambi

Sogeeni, watoto wa Boyoma, Kisangani yetu, niwasimulie msitu wetu unavyosomwa.

Mbinzo, wale viwavi tunaowala, mnawajua. Msimu wao ukifika, akina mama hujaza mabeseni sokoni. Mbinzo hula majani. Pasipo majani hakuna mbinzo. Ndege, nyani na tembo nao hufuata matunda. Kwa hiyo kuna swali kubwa: kila mti huchanua lini, huzaa lini, hupukutisha majani lini? Wazee wenu wanaijua kalenda ya miti mingi, lakini msitu wa jimbo letu la Tshopo una mamia ya aina. Maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuzifuata zote.

Sasa tushuke Mto Kongo. Ukitoka Kisangani kuelekea machweo kwa kilomita zipatazo 100, utafika Yangambi, ukingo wa kulia. Hapo ndipo kilipo kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo na misitu, kilichoanzishwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, katika miaka ya 1930. Tangu 1937 hadi 1958 waangalizi walizunguka msituni wakiitembelea miti ileile, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa miti kama 2,000, ya aina zaidi ya 500. Kwa kila mti waliandika alama kwa mkono katika majedwali: umechanua, umezaa, matunda yameanguka, majani yamepukutika. Mvua ilinyesha, jua likawaka, nao wakaendelea kuandika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kisha majedwali hayo yakakaa makaratasi tu kwa miaka mingi. Nani angeweza kuhesabu maelfu ya alama kwa jicho na kidole?

Mtafiti Koen Hufkens, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, waliona njia. Majedwali yalipigwa picha, na mwaka 2015 picha zikawekwa kwenye intaneti katika mradi ulioitwa Jungle Rhythms. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walizifungua na kuonyesha kila alama ilipoanza na ilipoishia. Je, mmoja akikosea? Dawa ilikuwa kuwapa watu kadhaa jedwali lilelile. Ni kama mwalimu anapowatuma wanafunzi watano kuhesabu mitumbwi iliyofungwa ukingoni: wanne wakisema kumi, naye mmoja akasema kumi na tatu, unajua pa kushika. Kompyuta ililinganisha majibu yote na kuonyesha walipokubaliana.

Msidhani hapo kazi iliisha. Kompyuta ina mbio, lakini haijui mti. Tangu miaka ile wataalamu wa mimea wamebadilisha majina ya kisayansi ya aina nyingi. Mti mmoja ukiandikwa kwa jina la zamani hapa na jipya pale, kompyuta itauhesabu kuwa miti ya aina mbili. Anahitajika mtaalamu wa mimea. Huko Yangambi kuna hazina ya mimea iliyokaushwa, sampuli zipatazo 150,000, ambamo majina yanaweza kuhakikishwa. Mtaalamu wa hali ya hewa analeta vipimo vya mvua na joto. Mwanahisabati anatafuta mzunguko: je, mti huu huchanua kila mwaka, au baada ya miaka kadhaa? Naye mwenyeji wa msitu anajua ni mnyama gani anayelila tunda lile. Mtoe mmoja wao, na jibu litakuwa na tundu.

Data nyingine zinakuja kila siku. Mwaka 2020 ulisimamishwa Yangambi mnara wa mita 55, unaopita vilele vya miti. Vyombo vyake hupima hewa ya ukaa inayoingia msituni na inayotoka. Vyombo vya aina hiyo hupima mara 10 au zaidi kwa sekunde. Siku moja ina sekunde 86,400. Zidisha kwa 10, unapata vipimo 864,000. Hapo hata mwandishi mwenye bidii kuliko wote atashindwa, na kompyuta ndiyo itakayofanya kazi.

Lakini hakuna kompyuta inayoweza kurudi 1937 kutazama ua ambalo hakuna aliyeliandika. Leo tukiuliza kama mvua zimebadilika na miti nayo imebadilika, tunaweza kulinganisha kwa sababu watu wale waliandika. Nawaheshimu sana, nami natamani mrithi bidii yao.

Chagueni mti mmoja karibu na shule. Kila Jumamosi andikeni tarehe, kisha mambo manne: maua, matunda, matunda yaliyoanguka, majani yaliyopukutika. Ukiona hakuna kitu, andika pia kwamba hakuna, maana hiyo nayo ni habari. Wenzako waandike vilevile, kisha mlinganishe. Atakayependa mimea na atakayependa hesabu wote wana nafasi katika Chuo Kikuu cha Kisangani, na msitu huu unawahitaji wakae meza moja.