Mionzi haina sabuni ya kuiua: Kabla ya kusafisha, uliza inakwenda wapi

Kama unaishi Kitai, pale njia panda ya Mbinga na Lituhi, vumbi si jambo geni kwako. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita mchana na usiku, na ukianika nguo asubuhi, jioni unazikung'uta kabla ya kuzikunja. Sasa limeongezeka neno jingine linalowatia watu hofu zaidi ya vumbi: mionzi. Tangu kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani kizinduliwe katika mradi wa Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, Julai 2025, mkoa wetu wa Ruvuma umekuwa ukitajwa kila urani inapotajwa.

Hofu ikiingia, dawa nazo hazikawii kufuata. Mmoja atakwambia unywe maziwa kila ukitoka kazini. Mwingine atakushauri uoge maji ya chumvi, au uwasugue watoto kwa dawa ya madoa. Wa tatu atakuuzia chupa ya "kusafisha mwili". Wiki hii tuliangalie swali lenyewe: je, mionzi inasafishika? Na inasafishwaje kwenye sehemu yenye mionzi mingi kuliko zote, yaani ndani ya kinu cha nyuklia?

Jibu la kinu litakusaidia wewe nyumbani.

Kinu kinavyosafishwa

Afrika ina kituo kimoja tu kinachozalisha umeme wa nyuklia, cha Koeberg, karibu na Cape Town nchini Afrika Kusini. Jirani zetu wa Kongo nao walianza kuendesha kinu kidogo cha utafiti mjini Kinshasa mwaka 1959. Sisi Tanzania hatuna kinu.

Katika kinu cha umeme kama cha Koeberg, maji huzunguka kwenye mabomba yakibeba joto. Mabomba hayo ni ya chuma, na chuma hulika polepole kama sufuria ya siku nyingi. Chembe ndogo za chuma, nikeli na kobalti huchukuliwa na maji hadi katikati ya kinu. Zikipita hapo, baadhi yake hugeuka kuwa na mionzi. Maarufu kati ya hizo ni kobalti-60. Baadaye chembe hizo huganda kwenye kuta za ndani za mabomba, zikatengeneza utando mgumu kama ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika la chai.

Maji yakiwa yanazunguka na milango imefungwa, utando huo haumsumbui mtu. Shida huja siku ya matengenezo. Fundi anayefungua vali anasimama karibu na bomba linalotoa mionzi, na kila dakika anayosimama hapo inahesabika mwilini mwake. Kwa hiyo, kabla ya kazi kubwa, wenye kinu wanaweza kuyasafisha mabomba kwa kemikali.

Huanza na kemikali ya jamii ya pamanganeti, ile ambayo wazee wetu waliijua kwa maji yake ya zambarau ya kuoshea vidonda. Hiyo hulegeza utando. Kisha hufuata asidi nyepesi, kama asidi ya oksaliki, ambayo kwa asili imo pia kwenye mboga kama mchicha, au asidi ya sitriki, inayofanya limau liwe chachu. Asidi hiyo huyeyusha utando, na chembe zenye mionzi zikaingia kwenye maji. Maji hayo hupitishwa kwenye chujio lenye punje ndogo ziitwazo resini, ambazo hunasa zile chembe. Kazi hurudiwa mara kadhaa, na kila mara mionzi hupimwa: kabla ilikuwa kiasi gani, sasa imebaki kiasi gani.

Hapa nataka usimame kidogo. Mwisho wa kazi hiyo mabomba ni safi zaidi, lakini mionzi haijafa. Imehama tu. Ilikuwa kwenye ukuta wa bomba, sasa imo kwenye resini. Resini hizo hufungwa kwenye mapipa imara, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na saruji, zikahifadhiwa chini ya ulinzi kwa miaka mingi. Kobalti-60 hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi michache. Hakuna asidi, sabuni, moto wala dua ya mganga inayoweza kuiharakisha.

Kwa hiyo kusafisha mionzi ni kuihamisha kutoka mahali inapodhuru hadi mahali inapolindwa. Mtu akikwambia ana dawa ya kuiua, muulize swali moja tu: inakwenda wapi?

Si kila mionzi inaacha uchafu

Swali hilo ni muhimu pia kwa mgonjwa, kwa sababu wengi wetu huchanganya mambo mawili. Kumulikwa na mionzi ni jambo moja. Kupakwa au kumeza kitu chenye mionzi ni jambo jingine. Mtu aliyesimama karibu na moto amepata joto, lakini hakubeba moto kwenda nao nyumbani. Aliyekanyaga kaa la moto likanasa kwenye kiatu, huyo amelibeba.

Mtoto wako akipigwa eksirei Peramiho, Litembo au Songea, amemulikwa tu. Mashine ikizimwa, hakuna kilichobaki mwilini mwake. Hahitaji kuoshwa, wala kunyweshwa maziwa ya kuondoa sumu. Vivyo hivyo mama aliyechomwa mionzi ya mashine kwa saratani ya shingo ya kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Tena, zipo mashine za tiba hiyo zinazotumia kobalti-60, ileile inayosumbua kwenye mabomba ya kinu. Tofauti ni kwamba kwenye mashine imefungwa ndani ya chuma kinene, na kinachomfikia mgonjwa ni miale tu. Mama huyo akirudi Kitai, mkumbatie. Kula naye sahani moja. Mwache ampakate mjukuu. Mama akitengewa kikombe na kitanda kwa hofu isiyo na msingi anaumia mara ya pili, na jirani yake mwenye dalili kama zake akiyaona hayo, anaweza kuahirisha safari ya hospitali hadi ugonjwa ukomae.

Kuna tiba nyingine ambayo kweli humfanya mgonjwa abebe mionzi kwa muda. Mwenye saratani ya tezi la shingo, au tezi linalofanya kazi kupita kiasi, anaweza kupewa madini joto yenye mionzi, iitwayo ayodini-131. Anaimeza. Tezi huinyonya, na iliyobaki hutoka kwa mkojo, mate na jasho. Ayodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8. Ukizidisha hesabu hiyo hadi siku 80, kinachobaki hakifiki hata sehemu moja ya elfu ya mwanzo, na mwili wenyewe huitoa haraka zaidi ya hapo.

Ukipewa tiba hii, jibu la "inakwenda wapi" ni chooni. Kunywa maji ya kutosha kama ulivyoelekezwa. Kaa unapokojoa, hata kama ni mwanamume, usirushe matone. Nawa mikono kwa sabuni kila mara. Kuwa na taulo, kikombe na sahani zako. Lala peke yako, na kaa mbali na watoto wadogo na wajawazito kwa idadi ya siku alizokuandikia daktari. Kabla ya kuruhusiwa, mweleze muuguzi nyumbani kwako kuna choo cha aina gani na mnalala wangapi chumba kimoja. Usione haya, kwani maelekezo ya nyumba yenye choo cha kuvuta huenda yasifae nyumba yenye choo cha shimo.

Mama anayenyonyesha aseme mapema, kabla ya kumeza dawa, kwa sababu ni lazima awe ameacha kunyonyesha kwanza, na mtoto huyo hatarudishwa ziwani. Mjamzito hapewi kabisa tiba hii. Anayetaka kupata mimba baadaye amuulize daktari asubiri muda gani.

Vumbi lililomuua mtoto

Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa wakachukua kipande cha mashine ya kutibia saratani ili wauze kama chuma chakavu. Ndani yake kulikuwa na unga wa sesiamu-137, uliong'aa rangi ya buluu gizani. Unga ukagawiwa kwa ndugu na majirani kama kitu cha ajabu. Mtoto wa kike wa miaka 6 aliuchezea, akaupaka mwilini, kisha akala chakula kwa mikono ileile. Alifariki ndani ya wiki chache, pamoja na watu wengine watatu. Zaidi ya watu 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi.

Namna walivyosafishwa ni somo kwetu. Ngozi ilioshwa kwa sabuni laini na maji. Waliokuwa wameumeza walipewa hospitalini dawa iitwayo buluu ya Prussia, ambayo hunasa sesiamu tumboni ikatoka nayo kwa choo kikubwa, kama vile resini inavyonasa kobalti kwenye kinu. Dawa hiyo hufanya kazi kwa sesiamu na taliamu, si kwa kila kitu. Nyumba nyingine zilisafishwa kwa kemikali na nyingine zikabomolewa, na udongo ukachotwa. Uchafu wote ulipelekwa kwenye hifadhi maalumu, ambako ungali unalindwa. Hata huko, mionzi ilihamishwa tu.

Nyumbani kwako, Kitai

Tuanze na yanayotuliza. Mto Mkuju unamwaga maji yake Luwegu, nao Luwegu unaelekea Rufiji, si Ziwa Nyasa. Vumbi la makaa ya mawe lina chembe kidogo sana za urani kwa asili, lakini madhara yake makubwa ni kwenye mapafu. Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili, usitafute mionzi, mpeleke zahanati apimwe, pamoja na kifua kikuu.

Mwenye mume au kijana anayefanya kazi mgodini, uwe wa makaa au wa urani, amwombe aoge na kubadili nguo hukohuko kazini. Ovaroli lisiletwe nyumbani, na likija, lisifuliwe beseni moja na nepi za mtoto. Urani ikimezwa huumiza hasa figo, na hakuna maziwa yanayozuia hilo. Maziwa ni chakula kizuri, yanywe kwa sababu hiyo. Kinachozuia madhara ni kutokuvuta vumbi wala kulila: barakoa ya kazi, kunawa kabla ya kula, na kutokula kwenye eneo la kazi.

Mapipa na madumu yaliyobeba kemikali za viwandani yasigeuzwe ya kuhifadhia maji au pombe, hata yakiuzwa bei ya kutupa. Asidi na vumbi hubaki kwenye mikunjo na mifuniko, na kuyaosha kunamwaga tu uchafu kwenye bustani yako.

Wanaouza vyuma chakavu, wafundisheni watoto alama ya mionzi: duara dogo jeusi lenye mabawa matatu kwenye rangi ya njano. Wakiiona kwenye chuma kizito kisichoeleweka, wasikifungue wala kukibeba. Wasogee mbali, wamwite mtendaji wa kijiji au polisi ili Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ijulishwe. Tume hiyo ndiyo yenye vifaa vya kupima. Pua haisikii mionzi, na macho hayaioni.

Na ikitokea mtu amemwagikiwa na unga unaoshukiwa, avue nguo polepole bila kuzikung'uta, azifunge kwenye mfuko, aziweke mbali na watu. Kuvua peke yake huondoa sehemu kubwa ya uchafu. Kisha aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, bila brashi ngumu, bila dawa ya madoa. Wenye vinu walijifunza zamani kwamba asidi kali husafisha haraka lakini hula bomba lenyewe, ndiyo maana wakahamia kwenye asidi nyepesi. Ngozi ya mtoto ni laini kuliko bomba la chuma. Ukiichubua, umefungua mlango wa kuingizia kile ulichotaka kukitoa. Baada ya hapo aende hospitali, na mfuko ule wa nguo uliofungwa auache palepale mbali na watu, awaeleze tu wahudumu ulipo.

Sasa akija mtu mlangoni na chupa ya kuondoa mionzi, huna haja ya kubishana naye. Muulize inaondoa chembe gani, inatoka mwilini kwa njia gani, na nani alipima kabla na baada ya kuitumia. Wahandisi wa kinu huulizwa maswali hayohayo, na hawaruhusiwi kumaliza kazi bila majibu. Asipoyajibu, fedha hiyo mnunulie mtoto mayai na sabuni.