Bakteria Wanaolala: Mfumo wa Sumu na Kizuia Sumu

Mwanafunzi, mada hii huwachanganya wengi kwa sababu ya swali moja: ikiwa bakteria hawana usugu, kwa nini wachache hubaki hai baada ya dawa?

Mwaka 1944 Joseph Bigger aliona kwamba penisilini iliua karibu stafilokoki wote, lakini wachache sana walibaki. Alipowaotesha upya, wengi wa kizazi chao walikufa kwa penisilini ile ile. Kwa hiyo hawakuwa sugu, walikuwa wamelala.

Chukua mfano wa shamba la mikorosho hapa Mpapura. Ukipalilia, magugu yaliyoota hufa, lakini mbegu zilizolala ardhini hubaki. Mvua ikinyesha zinaota, na magugu hayo mapya hukatwa na jembe lile lile.

Bakteria hulalaje?

1. Kwenye DNA yake kuna jeni mbili zilizo jirani. Moja hutengeneza sumu, ambayo ni protini inayodumu. Nyingine hutengeneza kizuia sumu, ambacho huvunjika upesi.
2. Hali ikiwa nzuri, kizuia sumu hutengenezwa mfululizo na kuishika sumu isifanye kazi.
3. Ikija njaa, joto kali au dawa, vimeng'enya vinaweza kuvunja kizuia sumu haraka kuliko kinavyotengenezwa. Sumu hubaki huru.
4. Sumu husimamisha kazi za seli. Kwa mfano, sumu iitwayo MazF hukata RNA mjumbe, hivyo protini hazitengenezwi na ukuaji husimama.

Penisilini huharibu ujenzi wa ukuta wa seli. Bakteria asiyejenga ukuta haipi dawa hiyo nafasi ya kumuua.

Angalizo: Sumu hii humlenga bakteria mwenyewe, si mgonjwa. Pia mfumo huu si njia pekee ya kulala. Upungufu wa nishati ndani ya seli nao huchangia.

Kifua kikuu

Bakteria wa kifua kikuu ana mifumo ya aina hii zaidi ya 70. Ndiyo maana wanasayansi wanaichunguza sana wanapotafuta sababu za tiba ya ugonjwa huu kuwa ndefu. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi. Kikohozi kinaweza kupungua mapema, lakini waliolala bado wamo. Mgonjwa akiacha dawa, wanaamka na kuzaliana, na katika kuzaliana huko mabadiliko ya jeni yanaweza kuleta usugu wa kweli.

Tanzania ina historia katika jambo hili. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na Karel Styblo alishirikiana nao kujenga utaratibu wa kumsimamia mgonjwa hadi amalize dozi. Baadaye utaratibu huo ulienea duniani.

Swali la kujipima: Tofautisha usugu na kulala kwa bakteria.

Jibu: Bakteria sugu ana badiliko la jeni, hukua dawa ikiwepo, na hurithisha uwezo huo. Aliyelala hana badiliko hilo, hakui dawa ikiwepo, na kizazi chake hufa kwa dawa ile ile.