Picha haiendi kwenye simu ya zamani? Anzia hapa
Msikilizaji wetu wa Mikese, umepiga picha ya mahindi yaliyoshambuliwa na viwavijeshi umtumie bwana shamba, lakini WhatsApp inazungusha tu. Kabla ya kumlipa fundi, hakikisha bando lipo na data imewashwa. Angalia tarehe ya simu: betri ikitolewa, inaweza kurudi nyuma, na WhatsApp ikagoma. Futa video za zamani upate nafasi. Mwisho, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, usome toleo la Android. Tangu Januari 2025, WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android 4.4 kurudi chini. Hapo usipoteze hela: mrushie jirani picha kwa Bluetooth, aitume yeye. Viwavi havisubiri.