Fahamu: Namba iliyofichwa inavyofichua mbegu bandia Kitale na Bungoma
Katika mashamba ya mahindi ya Bungoma na Kitale, mji ambako kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956, mbegu bandia, yaani nafaka ya kawaida iliyopakwa rangi na kutiwa katika mfuko unaofanana na ule halali, humpotezea mkulima msimu mzima. Kwa sababu hiyo KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, hutumia kibandiko chenye namba iliyofunikwa, ambayo mkulima huikwangua na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 1393, akajibiwa kama mbegu imethibitishwa. Kibandiko kisichokwanguliwa hakimlindi yeyote. Mkulima na aihakiki namba hiyo kabla hajaondoka dukani.